Kupaka Rangi Janti za Chuma Nyumbani Mubambiro: Hatua 13 kwa Bajeti Ndogo

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kupaka rangi upande wa nje wa janti 5 za chuma za gari dogo, nyumbani, bila umeme, bila kompresa, na bila kuliacha gari likiwa limeegemea mawe. Umeandikwa kwa mwenye gari anayeishi Mubambiro, kando ya Barabara ya Taifa namba 2 inayotoka Goma kwenda Sake. Hapo janti huharibiwa na mambo matatu: changarawe ya lava inayochubua rangi, matope ya barabara za kupanda Masisi, na mvua inayopita kwenye moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ambayo huwa na asidi. Rangi ikishachubuka, kutu huanza.

Kanuni ni moja: kifaa kinaweza kubadilishwa na kingine cha bei nafuu, lakini hatua hairukwi. Kila hatua inaishia kwa uhakiki. Uhakiki ukishindwa, rudia hatua hiyo. Usiendelee mbele.

Usitumie mwongozo huu kwa janti za aluminiamu. Zinahitaji praima ya aina nyingine.

ISTILAHI

Janti: duara la chuma linalobeba tairi.
Gurudumu: janti pamoja na tairi lake.
Gurudumu la akiba: gurudumu la tano, lisilofungwa kwenye ekseli.
Kitovu: sehemu ya ekseli ambayo janti huegemea na kufungwa.
Kiti cha nati: ukingo wenye mteremko kwenye shimo la janti, ambapo nati huketi inapokazwa.
Eneo la mguso: viti vyote vya nati, pamoja na uso wa nyuma wa janti unaoegemea kitovu. Eneo la mguso halipakwi rangi kamwe. Rangi iliyobanwa hapo hupondeka gari likitembea, nati hulegea, na gurudumu linaweza kuchomoka.
Praima: rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Madukani Goma iulize kwa jina la antirouille. Chagua ya jamii ya rangi ya mafuta.
Rangi: rangi ya mafuta ya kung'aa, iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma.
Tina: kiyeyushi cha rangi ya mafuta, kinachouzwa kama white spirit. Tina ya nitro ya garaje ni kitu kingine, usiitumie hapa.
Jaribio la unyevu: futa sehemu ya chuma yenye ukubwa wa kiganja kwa kitambaa kilicholowa maji. Ikikauka ndani ya dakika 15, hewa inafaa kupaka. Isipokauka, subiri saa 1 kisha rudia.

VIFAA NA VIPIMO

1. Praima, mililita 250.
2. Rangi, mililita 500.
3. Tina, lita 1.
4. Msasa namba 80, karatasi 3. Namba 180, karatasi 5. Namba 400, karatasi 3.
5. Brashi ya waya, 1, na brashi ya plastiki, 1.
6. Brashi ya rangi ya sentimita 2.5, 1, na ya sentimita 4, 1.
7. Sabuni ya unga, gramu 500.
8. Mafuta ya taa, mililita 100; na chaki nyeupe, vipande 4.
9. Karata za kuchezea, kasha 1. Na tepu ya karatasi, roli 1.
10. Vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, 10.
11. Soksi ya nailoni iliyofuliwa, 1, kwa kuchuja.
12. Jeki, yaani kriki. Spana ya nati za gurudumu. Na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa sentimita 4.
13. Mizani ya ndoano inayofika kilo 50, ile ya kupimia maharage sokoni. Inaweza kuazimwa.
14. Glavu, wembe, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo.

Hesabu ya rangi ni hii. Upande wa nje wa janti ya inchi 15 una takriban mita ya mraba 0.25. Lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa tabaka moja, hivyo tabaka moja la janti moja linahitaji mililita 25. Ongeza inayobaki kwenye brashi na kopo, upate mililita 40. Praima ni tabaka 1 kwa janti 5: mililita 200. Rangi ni matabaka 2 kwa janti 5: mililita 400. Kama duka lina makopo ya lita 1 tu, nunua kwa kuchangiana na jirani. Kilichozidi kipimo hiki hakitaiboresha kazi yako.

RATIBA

Kazi inachukua siku 21. Kila janti inachukua siku 4, na siku ya tano gurudumu lililokamilika hufungwa na linalofuata hutolewa.

Siku ya 1: gurudumu la akiba linaanza.
Siku ya 5: gurudumu la akiba linafungwa mbele kushoto, la mbele kushoto linaanza.
Siku ya 9: lililokamilika linafungwa mbele kulia, la mbele kulia linaanza.
Siku ya 13: lililokamilika linafungwa nyuma kushoto, la nyuma kushoto linaanza.
Siku ya 17: lililokamilika linafungwa nyuma kulia, la nyuma kulia linaanza.
Siku ya 21: gurudumu la mwisho limekamilika na linakuwa la akiba.

Kwa mpangilio huu gari lina magurudumu 4 kila siku, na kosa lolote la mwanzo linaonekana kwenye gurudumu la akiba, ambalo halijabeba mtu. Fanya kazi kati ya Juni na Agosti, msimu wa kiangazi. Paka kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri tu, kwa sababu Mubambiro iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 na umande wa jioni huangukia rangi mbichi.

Hatua ya 1 na ya 2 hufanywa mara moja. Hatua ya 3 hadi ya 13 hurudiwa kwa kila janti. Gurudumu la akiba halina Hatua ya 3 mwanzoni. Litoe tu mahali linapohifadhiwa.

HATUA YA 1: CHAGUA MAHALI

Chagua uwanja tambarare, ulioinuka kuliko ardhi inayouzunguka, wenye kivuli na upepo mwepesi. Usifanye kazi shimoni, bondeni, wala kwenye ufa wa lava. Uwanda huu wa kutoka Goma hadi Sake una mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hutuama mahali pa chini hasa alfajiri na usiku usio na upepo, na huua bila kutoa onyo. Mvuke wa tina nao ni mzito na hutuama vilevile.

Chagua pia ardhi inayokanyagwa na watu kila siku. Eneo la Sake lilipiganiwa mwaka 2024 na Januari 2025, hivyo huenda kumebaki silaha ambazo hazijalipuka. Usichimbe, usiwashe moto, na usiguse kipande cha chuma usichokijua. Nyunyiza maji kwenye udongo dakika 30 kabla ya kila tabaka ili vumbi la malori litulie.

Uhakiki: simama katikati ya uwanja. Maji yakimwagika hapo, yatiririke kwenda nje. Yakituama, mahali ni pa chini, hamia pengine.

HATUA YA 2: LINGANISHA GURUDUMU LA AKIBA

Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi la akiba, kisha soma za matairi 4 yaliyofungwa. Hesabu matundu ya nati kwenye kila janti.

Uhakiki: namba zote 5 ziwe sawa, na idadi ya matundu iwe sawa. Kama gurudumu la akiba ni jembamba au dogo, litumike kushikilia gari lililosimama tu: gari lisitembee mpaka gurudumu lake halisi lirudi mahali pake.

HATUA YA 3: TOA GURUDUMU

Egesha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza, na weka mawe 2 mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili kwa mshazari. Legeza kila nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Weka ubao juu ya changarawe, weka jeki juu ya ubao, na inua mpaka tairi liwe sentimita 3 juu ya ardhi. Ondoa nati, zitie kwenye kopo safi, kisha toa gurudumu. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari.

Nenda Hatua ya 12 mara moja na ufunge gurudumu lililo tayari. Ukimaliza, rudi Hatua ya 4 na gurudumu ulilolitoa.

Uhakiki: jeki haijainama, na ubao haujazama kwenye changarawe.

HATUA YA 4: OSHA

Changanya vijiko 2 vya sabuni ya unga katika lita 5 za maji. Sugua upande wa nje na wa nyuma kwa brashi ya plastiki mpaka matope, grisi na masizi meusi ya breki yatoke. Usiondoe vipande vya risasi vya balansi vilivyobanwa ukingoni. Suuza, kisha futa kwa kitambaa. Usiyaache maji ya ziwa yakauke yenyewe, kwa kuwa yana madini mengi na huacha madoa meupe.

Uhakiki: pitisha kitambaa cheupe kikavu juu ya janti. Kibaki cheupe.

HATUA YA 5: TAFUTA NYUFA

Sugua kwa brashi ya waya eneo linalozunguka matundu ya nati, matundu ya hewa, na mstari wa welding, mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa hapo kwa kitambaa. Subiri dakika 15. Futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki iliyosagwa. Subiri dakika 15 nyingine. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Uhakiki: hakuna mstari. Ukiuona, acha kazi na utupe janti hiyo. Rangi ingeuficha ufa bila kuuponya. Usipouona, osha tena kwa sabuni kama Hatua ya 4 ili mafuta ya taa yatoke.

HATUA YA 6: ONDOA KUTU NA KWARUZA

Funika pua na mdomo. Lowesha janti, na iendelee kuwa na maji wakati wote wa kusugua, kwa sababu rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi na vumbi lake halipaswi kupumuliwa.

a) Kwa msasa namba 80, sugua kila sehemu yenye kutu au rangi inayobanduka mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa.
b) Kwa msasa namba 180, sugua upande wote wa nje, pamoja na rangi ya zamani iliyoshika vizuri, mpaka mng'ao wake utoweke.
c) Kwa msasa huohuo, lainisha mpaka wa rangi ya zamani na chuma mpaka kidole kisihisi ngazi.
d) Osha kwa sabuni, suuza kwa maji mengi, na usiguse tena kwa mkono mtupu.

Uhakiki wa kwanza: hakuna sehemu inayong'aa isipokuwa chuma chenyewe.
Uhakiki wa pili: mwaga kikombe 1 cha maji safi juu ya janti. Maji yatandae kama utando mmoja. Yakijikusanya kuwa matone, bado kuna mafuta, rudia (d).

Kausha kwa kitambaa ndani ya dakika 10, kisha anika juani dakika 30. Kutu mpya ya rangi ya chungwa ikitokea, sugua kwa namba 180 ikiwa kavu, mahali hapo tu.

HATUA YA 7: ZIBA

Laza gurudumu, upande wa nje ukitazama juu. Usitoe upepo. Chomeka karata kati ya ukingo wa janti na tairi, kila moja ikilalia nyingine kwa sentimita 2. Janti ya inchi 15 inahitaji karata takriban 31. Funga vali kwa tepu. Kata vipande vya tepu vya duara vinavyozidi kiti cha nati kwa milimita 5 kila upande, na ubandike kimoja juu ya kila kiti cha nati.

Uhakiki: hesabu vipande vya duara. Idadi yake iwe sawa na idadi ya matundu ya nati. Bonyeza kingo zote kwa kucha.

HATUA YA 8: FUTA KWA TINA

Vaa glavu. Futa janti kwa kitambaa kilicholoweshwa tina, na papo hapo fuatisha kitambaa kikavu. Geuza kitambaa kila kinapochafuka. Usitumie mazutu (dizeli) wala petroli badala ya tina: mazutu huacha mafuta, na petroli huwaka kwa cheche ndogo.

Uhakiki: kitambaa cha mwisho hakina doa. Fanya jaribio la unyevu. Likifaulu, endelea mara moja.

HATUA YA 9: PAKA PRAIMA

Koroga kopo la praima dakika 5, mpaka tope la chini liishe. Pima mililita 40, ongeza mililita 4 za tina, koroga, kisha chuja kwa soksi. Kabla ya mchanganyiko wa kwanza, jaribu tone la kila kimoja kwenye kifuniko: chembechembe zikitokea, tina si sahihi.

Anza na matundu ya hewa kwa brashi ndogo, fuata sehemu zilizobonyea, malizia na uso mpana kwa brashi kubwa. Paka tabaka jembamba. Liache gurudumu limelala.

Uhakiki: baada ya dakika 10, tazama janti kutoka pembeni dhidi ya mwanga. Chuma kisionekane, na pasiwe na dimbwi. Dimbwi lifyonze kwa ncha ya brashi kavu.

Funga makopo. Osha brashi kwa tina ndani ya chupa. Funga chupa, uchafu utuame, kisha tumia tina iliyo juu kuoshea brashi kwa janti inayofuata. Usimwage tina ardhini wala ziwani. Tandaza vitambaa vilivyolowa rangi juu ya jiwe mpaka vikauke. Vikirundikwa pamoja vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Subiri saa 24.

HATUA YA 10: JARIBU MSHIKO

Siku ya pili ya janti, chora alama ya X yenye urefu wa sentimita 2 kwa ncha ya wembe, mahali pasipoonekana, mpaka kwenye chuma. Bandika tepu juu yake, bonyeza kwa kucha, subiri dakika 1, kisha vuta kwa mkupuo mmoja.

Uhakiki: tepu haina praima. Ikiwa nayo, toa praima yote na urudi Hatua ya 6. Ikiwa haina, gusia X praima kidogo na usubiri saa 2.

HATUA YA 11: PAKA RANGI MATABAKA 2

Siku hiyohiyo, sugua praima kidogo kwa msasa namba 400 wenye maji, futa, kausha, na ufanye jaribio la unyevu. Changanya mililita 40 za rangi na mililita 4 za tina, chuja, na upake kwa mpangilio wa Hatua ya 9. Subiri saa 24.

Siku ya tatu, rudia: msasa namba 400, kausha, jaribio la unyevu, tabaka la pili. Baada ya saa 2, ng'oa tepu na karata taratibu kabla rangi haijawa ngumu. Siku ya nne, usiguse.

Uhakiki: kila kiti cha nati ni chuma kitupu. Geuza gurudumu siku ya tano na ukague uso wa nyuma. Rangi yoyote kwenye eneo la mguso ikwanguliwe yote kabla ya Hatua ya 12.

HATUA YA 12: FUNGA GURUDUMU

Safisha kitovu kwa brashi ya waya. Nyuzi za bolti ziwe kavu, usizipake grisi. Ingiza gurudumu, funga nati zote kwa vidole, kisha shusha gari.

Kaza kwa kipimo. Magari mengi madogo ya Toyota, kama Corolla, hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Kama huna spana ya kipimo, tumia mizani ya ndoano. Pima sentimita 30 kutoka katikati ya nati kwenye mpini wa spana na uweke alama. Tia ndoano kwenye alama, vuta kwa pembe mraba mpaka mizani isome kilo 35. Kilo 35 kwenye sentimita 30 ni nyutoni-mita 103. Kwa kipimo kingine, gawanya nyutoni-mita kwa 9.81, kisha gawanya kwa urefu wa mpini kwa mita.

Fuata mpangilio wa nyota: kwa nati 5, kaza ya 1, ya 3, ya 5, ya 2, ya 4. Kaza mzunguko wa kwanza kwa kilo 15, wa pili kwa kilo 35.

Uhakiki: kabla ya kutumia mizani, ning'iniza bidoni yenye lita 20 za maji. Isome kilo 20 pamoja na uzito wa bidoni tupu. Isiposoma hivyo, azima nyingine.

HATUA YA 13: KAZA TENA

Endesha takriban kilomita 50, karibu safari moja ya kwenda Goma na kurudi. Acha magurudumu yapoe, kisha pima kila nati tena kwa kilo 35.

Uhakiki: nati isisogee. Ikisogea, kaza, endesha kilomita 50 nyingine na urudie. Ikisogea mara ya pili, toa gurudumu na utafute rangi kwenye eneo la mguso. Hapo ndipo chanzo kilipo mara nyingi.

Usioshe janti kwa sabuni siku 7 za kwanza. Baada ya hapo, osha kila wiki, na ukiona mchubuko uliofika kwenye chuma, rudia Hatua ya 6 hadi ya 11 mahali hapo tu, kwa praima na rangi iliyobaki koponi.